Macho Hayana Pazia: Fikira juu ya Kutazama Nyangumi

Wahenga walisema macho hayana pazia, na methali hii imekuwa ngao ya kila mtu aliyekutwa akitazama asichoalikwa kukitazama. Mtoto akikaripiwa kwa kumkodolea mgeni macho, hujitetea kwayo. Mpita njia aliyesimama kushuhudia ugomvi wa watu wasiomhusu huitumia vilevile. Maana yake ni nyepesi: jicho hukiona kinachopita mbele yake, wala halina hatia. Lakini je, ni kweli kwamba kutazama hakuna hatia? Je, yule anayetazamwa hana haki yoyote juu ya yule anayemtazama? Na ikiwa hana mlango wa kufunga wala ulimi wa kukataa, ni nani atakayemlindia haki hiyo?

Swali hili twapenda kulijadili kwa mfano ambao pengine utawashangaza baadhi ya wasomaji wetu, nao ni mfano wa nyangumi. Sisi walimu wa Kiswahili wa nchi zisizopakana na bahari twafundisha lugha iliyojaa bahari. Twawaeleza wanafunzi maana ya omo na tezi, kusi na kaskazi, maji kujaa na maji kupwa, ilhali wengi wao hawajapata kuona maji mengi kuliko yale ya Ziwa Nyanza au Tanganyika. Nyangumi wamemjua kwa kisa cha Nabii Yunus, ambaye wengine humwita Yona, na zaidi ya hapo hawana habari naye. Walakini kuna watu duniani ambao kila mwaka, majira ya joto yafikapo, hulipa fedha, wakapanda boti, wakaenda mbali na nchi kavu kwa ajili ya kumtazama tu. Hawamvui, hawamli, wala hawamuuzi. Wanamtazama, kisha wanarudi. Ikiwa pana mahali ambapo kutazama kungeweza kuitwa tendo lisilo na dhambi, basi ni hapo. Ndiyo sababu twaona ni mahali panapofaa kulipima neno lenyewe.

Tuanze na historia kidogo. Bandari za Massachusetts, kaskazini mashariki ya Marekani, zimeishi na nyangumi kwa karne nyingi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo maisha hayo yalikuwa ya damu. Mwaka 1857 bandari moja tu, New Bedford, ilikuwa na meli 329 za kuvulia nyangumi na mabaharia wapatao 10,000. Mafuta ya nyangumi yaliwasha taa za miji na kulainisha mitambo. Zile pindo ngumu za kinywani mwake, azitumiazo kuchujia chakula, zilitiwa katika miavuli na katika mavazi ya kubana viuno vya mabibi. Meli hizo zilifika hata katika Bahari ya Hindi, na baadhi yao zilitia nanga Unguja kutafuta maji na chakula. Na kutoka pwani hiyohiyo ya Massachusetts ndiko kilikotoka kitambaa cha pamba ambacho babu zetu walikiita merikani, kikapita mikononi mwa wachukuzi hata masoko ya bara. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba habari hizi ni za watu wa mbali wasiohusiana nasi. Tulivaa nguo iliyoletwa na bandari zilizokuwa zikiangaza nyumba zao kwa mafuta ya nyangumi.

Katika kila meli ya uvuvi huo palikuwa na mtu aliyepandishwa juu ya mlingoti. Kazi yake ilikuwa kutazama. Saa baada ya saa aliyapitisha macho yake juu ya maji, na alipoona mvuke wa pumzi ya nyangumi ukiruka juu, alipiga ukelele. Ndipo mashua ziliposhushwa na wenye vyusa wakaanza kupiga makasia. Yafaa tumkumbuke mtu huyo wa mlingotini, kwa maana tutamrudia.

Meli za injini na vyusa vyenye baruti vilipoenea katika karne ya ishirini, mauaji yalizidi kiasi. Wataalamu wamekadiria kwamba katika karne hiyo moja waliuawa nyangumi karibu milioni tatu. Mwaka 1946 mataifa yaliunda tume ya kusimamia uvuvi huo, na mwaka 1982 tume ikapiga kura kuusimamisha uvuvi wa biashara, uamuzi ulioanza kutumika mwaka 1986. Nchi chache, kama Norwe na Japani, zaendelea kuvua, lakini sehemu kubwa ya dunia imeweka chusa chini.

Wakati huohuo biashara nyingine ilikuwa inazaliwa. Mwaka 1955, huko San Diego katika pwani ya magharibi ya Marekani, mvuvi mmoja alianza kuwapeleka watu kutazama nyangumi kwa dola moja kila mtu. Mwaka 1975 kazi hiyo ilianza katika pwani ya mashariki, kwenye bandari ya Provincetown, Massachusetts, ambayo zamani nayo ilikuwa bandari ya wavuvi wa nyangumi. Ilipofika mwaka 2008 watu milioni 13 katika nchi 119 walikwenda kutazama nyangumi katika mwaka huo mmoja. Mjukuu wa mwenye chusa amekuwa mwenye tikiti.

Tulibahatika, mwezi mmoja wa Agosti, tulipokuwa wageni wa walimu wenzetu wafundishao Kiswahili katika vyuo vya huko, kupanda boti moja ya namna hiyo. Iling'oa nanga asubuhi, imebeba watu wasiopungua mia: wazee wenye darubini, wazazi na watoto, vijana wenye kamera. Ingawa nchi kavu palikuwa na joto la kutoa jasho, baharini upepo ulikuwa baridi, nasi tulishukuru kwa kushauriwa kuchukua sweta. Tulikuwa tunaelekea mahali paitwapo Stellwagen, kati ya rasi mbili, Cape Ann na Cape Cod. Hapo chini ya bahari pana uwanda wa mchanga ulioinuka kama mlima uliokatwa kilele. Mikondo ya maji ikigonga ubavu wa uwanda huo hupanda juu na kuleta rutuba ya vilindini, viumbe vidogo vikaongezeka, na samaki wembamba mfano wa dagaa wakakusanyika kuvila. Nyangumi huwafuata samaki hao. Tangu mwaka 1992 mahali hapo pamekuwa hifadhi ya taifa.

Tulipofika hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na kwa muda wa saa nzima tuliona mawimbi na ndege wa baharini tu. Watoto walianza kulia njaa, mzee mmoja alishikwa na kichefuchefu, na mazungumzo yakapungua. Mwalimu wa viumbe aliyekuwa na kipaza sauti, maana kila boti ya namna hiyo hubeba mjuzi mmoja wa kuwaeleza abiria, alitusihi tuwe na subira.

Kisha akatangaza kwa mshtuko kwamba nyangumi yuko upande wa saa fulani. Yafaa tueleze kwamba huko huigeuza boti kuwa uso wa saa: mbele, yaani omo, ni pale panapoandikwa 12, na pande nyingine hufuata. Mwenzetu mmoja, kwa bidii ya kutusaidia, akatutafsiria upesi kwa hesabu ya saa zetu: "Saa tatu! Saa tatu!" Nusu yetu tukageukia kulia, nusu kushoto, na walimu wa lugha wakawa watu wa mwisho kumwona nyangumi.

Lakini tulimwona. Alikuwa nyangumi nundu, jike mwenye mtoto. Kwanza ilisikika pumzi, sauti nzito kama ya mtu atuaye mzigo. Kisha mvuke ukasimama hewani, na upepo ulipoutuletea tulinusa harufu ya samaki waliooza. Mgongo mweusi ulipita polepole, ukapita, ukazidi kupita, hata tukadhani hauna mwisho. Nyangumi nundu aliyekomaa huwa na urefu wa mita 12 hadi 16, na mapezi yake ya mbele hufikia karibu theluthi ya urefu huo. Alipozama aliinua mkia wake, na mwalimu wa viumbe akautazama upande wake wa chini na kulitaja jina la mnyama yule bila kusita, kama mwalimu amwitavyo mwanafunzi aliyemfundisha tangu darasa la kwanza. Kwa maana weusi na weupe wa mkia wa nyangumi nundu haufanani kwa wawili, kama vile alama za vidole vyetu zisivyofanana. Baadaye aliinuka tena ndani ya duara la mapovu. Alikuwa ameyapuliza mwenyewe chini ya maji ili kuwazingira samaki, kama mvuvi atandazavyo wavu, naye akapanda katikati yao kinywa wazi.

Boti nyingine mbili zilikuwa zimefika, zinangoja kwa mbali. Mama na mtoto walianza kusogea upande wa kusini. Hapo nahodha alitangaza kwamba tumekaa nao vya kutosha na kwamba hatutawafuata. Abiria mmoja alikasirika. Alisema kwamba amelipa nauli ya watu watano, kwamba watoto wake walikuwa upande usiofaa na hawakuona vizuri, na kwamba boti ina nguvu za kutosha kuwafikia. Nahodha alimjibu kwa utulivu kwamba nyangumi hawa huja hapa majira ya joto ili kula. Kwamba majira ya baridi huenda kuzaa katika bahari ya Karibi, ambako hawali karibu chochote. Na kwamba mama yule ana wawili wa kulisha kwa mwili mmoja. Kisha akageuza usukani. Yule bwana alinuna hadi bandarini. Hatumlaumu sana, kwa kuwa nyuma ya tikiti zetu ilikuwa imeandikwa kwamba abiria asipoona nyangumi atapewa safari nyingine bure. Aliahidiwa nyangumi, naye alikuwa anadai ahadi yake.

Sasa basi, kati ya nahodha na abiria, nani alikuwa na haki? Tusikimbilie kujibu.

Wako watakaosema kwamba kutazama ni jambo jema kabisa, na hoja zao zina uzito. Kwanza, fedha za watazamaji zimewapa watu wa bandari riziki isiyohitaji chusa, na nyangumi aliye hai aweza kutazamwa kwa miaka hamsini, ilhali aliyeuawa huuzwa mara moja tu. Pili, kutazama kumeleta elimu. Tangu miaka ya 1970 picha za mikia, nyingi zikiwa zimepigwa kutoka boti hizo hizo za abiria, zimewekwa pamoja hata ikawezekana kuzijua koo za nyangumi. Jike mmoja aliyeonwa mwaka 1975 na kupewa jina la Salt, kwa sababu ya alama nyeupe mgongoni mwake zilizofanana na chumvi iliyonyunyizwa, amezaa watoto wengi, na miongoni mwao wako waliozaa pia. Tatu, na hii ndiyo hoja iliyotugusa zaidi, jina huleta wajibu. Mwaka 1984 nyangumi kijana aliyejulikana kwa jina la Ibis alinaswa na nyavu za wavuvi. Kwa kuwa alikuwa anajulikana, watu walihuzunika kwa ajili yake kama wahuzunikavyo kwa jirani, na watafiti wa Provincetown wakafaulu kumkata kamba na kumwachia huru. Nyangumi asiye na jina hufa bila mtu kuuliza.

Linganisha majina hayo na jina la nyangumi mwingine wa bahari hiyo hiyo. Wavuvi wa zamani, yasemekana, walimwita kwa Kiingereza jina lenye maana ya "nyangumi anayefaa", kwa sababu alikwenda polepole, alikaa karibu na pwani, na alipouawa hakuzama. Alifaa kuuawa. Jina hilo angali nalo, na wa bahari ya Atlantiki ya kaskazini wamebaki chini ya 400. Sisi walimu wa lugha twajua kwamba jina ni jicho: humwonyesha mtu alivyotazamwa na aliyempa jina. Aliyemwita nyangumi kwa faida yake alimwona kwa faida yake. Aliyemwita kwa alama ya mgongoni mwake alimwona yeye mwenyewe.

Hizo ni hoja za upande mmoja. Upande wa pili husema kwamba boti hupiga kelele, na nyangumi huishi kwa kusikia kuliko kuona. Nyimbo za madume wa nyangumi nundu zilipochapishwa katika sahani ya santuri mwaka 1970, dunia ilistaajabu kwamba chini ya maji kuna viumbe waimbao kwa saa nyingi. Viumbe hao hao ndio wanaosikia kila injini ipitayo. Boti nazo huweza kuwagonga. Katika bahari mbalimbali wataalamu wameona nyangumi na pomboo wakibadili mwendo, wakiacha kula au kupumzika, boti zinapowasonga. Kwa sababu hiyo ziko kanuni za umbali na mwendo, na zile za "nyangumi anayefaa" ni kali zaidi: sheria ya Marekani yakataza kumkaribia kuliko mita 460 hivi.

Hata hivyo, tusiseme uongo ili tushinde mjadala. Watafiti waliochunguza nyangumi nundu wa pwani hiyo waliandika mwaka 2009 kwamba hawakuona ushahidi kuwa boti za watazamaji zimepunguza uzazi wao au uhai wa watoto wao. Basi tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba boti yetu isingemdhuru mama yule hata kidogo. Tuseme kumfuata kwa dakika ishirini zaidi kungemletea usumbufu mdogo ambao kesho angekuwa ameusahau. Je, hapo swali limekwisha?

Twaona kwamba hapo ndipo linapoanza. Mtu achunguliaye dirishani kwa jirani yake hajaiba kitu. Jirani akiwa amelala, hata hajui. Asubuhi hakuna kilichopungua ndani ya nyumba ile. Hata hivyo hakuna mzazi katika nchi zetu atakayemwambia mtoto wake kwamba kuchungulia ni sawa maadamu hakuna kilichoibwa. Ubaya hauko katika hasara peke yake. Uko katika mchunguliaji, aliyejipa haki juu ya mwenziwe kwa sababu tu ana jicho na ana nafasi. Mtu aweza kutujibu kwamba nyangumi hana aibu wala sitara, kwa hiyo mfano haufai. Na iwe hivyo. Lakini anayejizoeza kuona kila kilicho hai kama kitu kilichowekwa hapo ili yeye akione, hatayaacha mazoea hayo baharini. Atarudi nayo nyumbani.

Lugha yetu yalijua jambo hili zamani. Imetupa vitenzi vingi vya jicho, na kila kimoja kina maadili yake. Kuona ni jambo litokealo, halihitaji nia. Kutazama kuna nia ndani yake. Kukodoa ni kutazama kusiko na haya, na kuchungulia ni kutazama kwa kujificha. Kuangalia kumebeba maana ya kutunza: mwenye uangalifu ni mtu mwenye hadhari, na mwangalizi wa nyumba si mtu wa kuitazama bali wa kuilinda. Kisha kuna kitenzi kimoja ambacho twaomba wasomaji wakipime. Tukichukua "tazama" na kukitia kiambishi cha kutendea, hatupati maana ya kumtazama mtu kwa ajili ya mwingine, kama kanuni ingetufanya tudhani. Twapata "tazamia", yaani kungoja kwa matumaini, kuhesabu kwamba jambo litakuja. Ni hatua ya silabi moja tu kutoka kutazama hadi kutazamia, na kutoka kutazamia hadi kudai si mbali.

Na sasa tumrudie yule mtu wa mlingotini. Jicho lake na jicho la abiria wa leo ni jicho lile lile. Wote wawili huyapekua maji, wote wawili hutafuta ule mvuke, na wote wawili hupiga ukelele waonapo. Mtu angesema kwamba tofauti yao ni chusa, na kwa nyangumi tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote, kwa kuwa ni tofauti ya kufa na kuishi. Lakini kwa mtazamaji tofauti hiyo haitoshi. Mtu wa mlingotini hakuweza kurudi mikono mitupu; wenye meli walimtazamia, naye alimtazamia nyangumi. Abiria asemaye "Nimelipa, mfuate" naye hawezi kurudi mikono mitupu. Ameweka chusa chini, lakini dai lililoshika chusa angali nalo mkononi. Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba anayestahili kumtazama kiumbe ni yule tu aliye tayari kurudi bila kumwona. Mengine yote, kanuni za mita na mwendo, ni matawi ya mzizi huo.

Katika nchi zetu jambo hili si geni. Wageni waendao kuwatazama sokwe wakubwa wa milimani, wale wanaoitwa gorila, katika misitu ya Bwindi nchini Uganda na katika milima ya Virunga nchini Rwanda, hupewa saa moja tu, na kila kundi la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku. Sababu kubwa ni maradhi, kwa maana mafua yetu yaweza kuwaua. Mgeni hulipa fedha nyingi sana kwa saa hiyo moja, na hata hivyo ikiisha huambiwa aondoke, awe ameridhika au hajaridhika. Na tangu mwaka 2005 watu wa Rwanda hufanya sherehe ya Kwita Izina, yaani kutoa jina, kwa watoto wa gorila, kwa mfano wa desturi yao ya kale ya kumpa jina mtoto mchanga. Hapo tena twaona jina na mpaka vikienda pamoja. Aliyepewa jina ametambuliwa kuwa ana kwake, na mwenye kwake haingiliwi ovyo.

Twasikia sauti ya mtu akituambia kwamba hayo ni maneno ya walioshiba. Mtoto wa Kampala au Bujumbura hatawahi kuwa na nauli ya kumwona nyangumi wala gorila. Mwenye bahati ya kufika mara moja katika maisha yake, kwa nini asitazame hadi akinai? Hoja hii twaiheshimu, kwa sababu baba yule wa watoto watano huenda naye alikuwa ameweka akiba mwaka mzima. Lakini haki ya kupata nafasi si haki ya kupata kitu chenyewe. Nauli hununua kiti, mafuta ya boti na kazi ya nahodha. Nyangumi hayumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, wala hakupokea hata senti. Mwenye kuandika nyuma ya tikiti kwamba nyangumi ameahidiwa ameuza kisicho chake, na nahodha akataaye kuwafuata mama na mtoto ndiye anayelirekebisha kosa hilo, ijapokuwa abiria humwona mkorofi.

Tunacho katika utamaduni wa Waswahili kipimo kizuri kuliko kanuni yoyote ya mita, nacho ni hodi. Mtu afikaye nyumbani kwa mwenziwe hasukumi mlango. Hupiga hodi, akangoja. Asipojibiwa hupiga tena, na mara ya tatu. Isipoitikiwa ya tatu, adabu yamtaka aondoke, wala asikasirike, kwa sababu mwenye nyumba ana sababu zake na si lazima azieleze. Tangu mwanzo, hodi yakubali kwamba jibu laweza kuwa kimya. Ndipo "karibu" ikija huwa na thamani, kwa kuwa ingeweza kutokuja. Boti iliyozima injini kwenye ukungu wa Stellwagen na kungoja ilikuwa inapiga hodi. Boti ambayo ingewafuata mama na mtoto waliokwisha kugeuza migongo ingekuwa inasukuma mlango.

Sisi walimu tusidhani kwamba haya ni ya mabaharia peke yao. Kazi yetu pia ni kazi ya kutazama. Twawatazama watoto arobaini au hamsini kwa wakati mmoja, na kila mwaka kuna mmoja akaaye nyuma asiyesema. Mkaguzi akija, twatamani mtoto huyo naye asimame na kuonyesha ajuavyo, ili somo lionekane limefaulu. Tukamwita, tukamsukuma kwa maswali, na darasa zima likamgeukia na kumkodolea macho. Huo ni usukumaji wa mlango. Swali la mwalimu lafaa liwe hodi: liulizwe kwa upole, lingojewe jibu, na lisipopata jibu leo lirudi kesho, bila kinyongo. Mtoto aliyengojewa huinuka mwenyewe siku moja, na siku hiyo husema zaidi ya alivyoulizwa.

Methali yetu, basi, tusiitupe. Ni kweli macho hayana pazia, na hakuna wa kulaumiwa kwa kuona kilichopita mbele yake. Lakini methali haikusema kwamba miguu haina mpaka, wala kwamba mkono hauna staha. Jicho laweza kuachwa wazi maadamu mwenye jicho ajua mahali pa kusimama na wakati wa kuondoka.

Twapendekeza kwa wenzetu kwamba mjadala huu upelekwe darasani. Wape wanafunzi wa madarasa ya juu vitenzi hivi sita: kuona, kutazama, kuangalia, kukodoa, kuchungulia na kutazamia. Waambie watunge sentensi, kisha waeleze ni kipi kati yao kinafaa kutumiwa na mtu aliyesafiri mbali kumwona kiumbe asiyejua kwamba anangojewa. Watakaochagua "kuangalia" waulizwe wamaanisha nini. Na watakaochagua "kutazamia" waulizwe watafanya nini siku ambayo bahari haitaitikia.